Hati iliyofungwa na kiungo kilichotupwa kwenye grupu

Mzee anapofariki Wete, akaacha shamba la mikarafuu, nyumba ya Ng'ambo na warithi waliotawanyika Mombasa, Maskati na London, kazi mojawapo ya mwanzo inayoingoja familia baada ya msiba ni kuorodhesha mali na madeni. Zamani orodha hiyo ilikaa kwenye daftari la mtu mmoja, na wengine wakasubiri kusomewa. Siku hizi huandikwa kwenye hati ya mtandaoni ambayo kila mrithi huifungua kwenye simu yake, akaongeza deni analolijua yeye, akapinga idadi ya mikarafuu, akauliza kama thumuni ya mjane imehesabiwa baada ya madeni kulipwa au kabla. Chombo kinachotumika mara nyingi ni Google Docs au jedwali lake, na kwa upande wa wepesi wa kazi sina lawama nacho. Ninachotaka kukichambua ni nani mwingine, mbali na warithi, ana uwezo wa kuisoma hati hiyo, na kama zana mpya zinazoifunga hati hata mwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi, asiweze kuiona zinatufaa visiwani Zanzibar. Kwa maoni yangu zinatufaa, na kwa aina fulani za hati tumeshachelewa kuzitumia. Lakini tundu zinaloliziba si lile linalotuvujishia siri nyingi zaidi, na anayezichukua bila kubadili namna anavyosambaza viungo hatapata ulinzi anaoudhani.

Tuanze na hicho tulichokizoea. Google Docs ilizaliwa mwaka 2006, baada ya Google kuinunua programu ndogo iliyoitwa Writely. Kampuni hueleza kwamba hati husimbwa, yaani hugeuzwa isisomeke bila ufunguo, inaposafiri kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye seva, na kwamba husimbwa pia inapokaa kwenye diski za kampuni. Maelezo hayo ni ya kweli, ila funguo za usimbaji huo hubaki mikononi mwa kampuni yenyewe. Aliyemwekea jirani amana ya sanduku, naye jirani akawa na ufunguo wa pili, hawezi kusema kwamba hakuna mwingine ajuaye kilichomo. Anachoweza kusema ni kwamba anamwamini jirani. Tarehe 31 Oktoba 2017 baadhi ya watumiaji wa Google Docs walizuiwa ghafla kufungua hati zao wenyewe, wakiambiwa kwamba zimekiuka masharti ya huduma. Kampuni ilieleza baadaye kuwa ilikuwa hitilafu, na hati zikafunguliwa. Hitilafu ilipita, lakini mfumo unaoweza kuamua kwamba maandishi fulani yamekiuka masharti ni mfumo ambao una njia ya kuyasoma. Ni kweli kwamba Google nayo hutoa huduma ambayo mteja hushika funguo zake mwenyewe, ila imetengwa kwa mashirika yanayolipia vifurushi vya juu, na familia inayogawana mirathi haimo katika hesabu hiyo.

Sababu ya zana za kawaida kujengwa hivyo haikuwa udadisi peke yake. Watu wawili wanapoandika kwenye sentensi moja kwa wakati mmoja, mmoja akifuta neno na mwingine akiongeza herufi katikati ya neno hilo hilo, lazima pawepo utaratibu wa kuyapatanisha mabadiliko yao ili wote waishie kuona maandishi yale yale. Clarence Ellis na Simon Gibbs waliueleza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1989, na Google ikaujengea huduma yake kwa kuiweka seva katikati iwe mwamuzi. Sasa mwamuzi huyo anahitaji kuyaona mabadiliko ili ayapatanishe. Ukitaka asiyaone, kazi yote ya upatanishi lazima ihamishiwe kwenye vivinjari vya washiriki, yaani programu wanazofungulia tovuti, na seva ibaki kuwa mpokezi na mhifadhi wa vipande vya mabadiliko ambavyo kwake havina maana yoyote.

Ndivyo ilivyojengwa CryptPad, zana ninayoiona kuwa mfano mzuri zaidi kwa mjadala huu. Imetengenezwa na kampuni ya XWiki ya Ufaransa, na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, umewekwa wazi kwa leseni huria. Unapofungua hati mpya, kivinjari chako hutengeneza ufunguo, husimba kila unachoandika kabla hakijatoka kwenye kifaa, kisha hutuma kilichosimbwa. Vivinjari vya wenzako hupokea, hufumbua kwa ufunguo ule ule, na kupatanisha. Ufundi unaonivutia zaidi uko mahali ufunguo huo unapowekwa. Anwani yoyote ya tovuti inaweza kuwa na sehemu inayofuata alama ya reli, yaani #, na kwa kanuni za mtandao wenyewe kivinjari hakipeleki sehemu hiyo kwa seva. Huibakiza kwenye kifaa. CryptPad imeutumia utaratibu huo wa zamani kuweka siri baada ya alama ya reli, hivi kwamba kumpa mtu kiungo kizima ni kumpa ufunguo, ilhali seva inayoihifadhi hati hiyo hiyo haipati kuuona. Tena viungo viko vya aina mbili. Kiungo cha kuhariri kinaweza kuzaa kiungo cha kusoma, lakini cha kusoma hakiwezi kurudi kuwa cha kuhariri, na seva huhakiki saini ya kila badiliko kujua kama limetoka kwa mwenye haki ya kuandika, bila kujua alichokiandika.

Gharama zake zipo, na anayezinadi zana hizi bila kuzitaja anawadanganya watu. Kwa kuwa seva haioni maandishi, haiwezi kukutafutia neno ndani ya hati zako zote, wala kukurekebishia tahajia, wala kukugeuzia faili kutoka muundo mmoja hadi mwingine. Kila kitu hufanywa na kifaa chako. Kwenye kompyuta nzuri hutaona tofauti kubwa. Kwenye simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, jedwali lenye mistari mingi hufunguka kwa kuvutavuta, na wengi wetu simu ndiyo kompyuta tuliyonayo. Hati iliyoundwa na mtu asiye na akaunti kwenye tovuti ya CryptPad huondolewa baada ya siku 90 bila kuguswa, jambo ambalo kesi ya mirathi, kwa mwendo wake tunaoujua, inaweza kulipita usingizini. Kubwa kuliko hayo yote ni neno la siri. Akaunti ya CryptPad haihitaji barua pepe wala namba ya simu, na neno la siri lenyewe haliendi kwa seva. Hutumika ndani ya kivinjari kuzalisha funguo. Ukilisahau, hakuna ofisi ya kuipigia simu, kwa sababu hakuna mtu duniani mwenye uwezo wa kukurudishia. Msimamizi wa mirathi akiwa peke yake ndiye mwenye akaunti, naye akafa, warithi watakuwa na mirathi ya pili isiyogawika.

Usalama wenyewe nao una mipaka yake. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, ilimradi ufunguo haujaangukia. Programu huria hufuata kanuni hiyo, kwa kuwa msimbo wake unaweza kukaguliwa na yeyote. Hata hivyo, programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari huletwa upya na seva kila unapofungua ukurasa, na seva iliyoingiliwa au iliyoshurutishwa inaweza kuleta msimbo uliogeuzwa, unaonyakua ufunguo na kuupeleka inakotaka. Halafu kuna taarifa zisizohusu maandishi: seva inajua anwani ya mtandao ya anayeingia, saa aliyoingia, na ukubwa wa alichoandika. Mwaka 2021 kampuni ya Proton ya Uswisi, inayojulikana kwa barua pepe zilizosimbwa, ililazimika kwa amri halali ya Uswisi kurekodi anwani ya mtandao ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa na kuitoa. Maudhui ya barua hayakutolewa, kwa sababu kampuni haikuwa na uwezo wa kuyafungua, lakini mtu alipatikana. Kampuni hiyo hiyo ilizindua kihariri chake cha hati, Proton Docs, Julai 2024. Kwa wale ambao hofu yao ni kujulikana kwamba wanaandikiana, usimbaji wa maandishi peke yake hautoshi.

Tukirudi kwetu, mtu akiniuliza siri za hati zetu hutokea wapi, sitamwonyesha seva ya Ufaransa wala ya Marekani. Nitamwonyesha kwanza grupu la WhatsApp. WhatsApp yenyewe imesimbwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine tangu mwaka 2016, kwa hiyo kiungo kinachopita humo hakisomwi na kampuni njiani. Lakini grupu la familia lina watu arubaini, wakiwemo wakwe, majirani walioongezwa wakati wa msiba na hawajatolewa, na namba ambazo hakuna anayekumbuka ni za nani. Kiungo kikitupwa humo, wote hao wana ufunguo, na kila mmoja anaweza kuupeleka kwingine kwa kidole kimoja. Jambo lisilofikiriwa sana ni nakala ya akiba. Kwenye simu za Android, mazungumzo ya WhatsApp yakiwekewa nakala huhifadhiwa Google Drive, na kuisimba nakala hiyo kwa ufunguo wa mtumiaji mwenyewe ni hiari iliyoletwa mwaka 2021 ambayo lazima mtu aiwashe. Asiyeiwasha, kiungo chenye ufunguo wa hati aliyoikimbiza isisomwe na Google kinaishia kwenye seva za Google.

Mahali pa pili ni kwenye steshenari. Sehemu kubwa ya nyaraka za visiwa hivi, kuanzia maombi ya kazi hadi hati za kiapo, huchapwa, huskaniwa na kuprintiwa kwenye maduka ya steshenari ya Mjini, Chake Chake na kwingineko, kwenye kompyuta moja inayotumiwa na kila aingiaye. Kivinjari cha kompyuta hiyo hutunza historia ya anwani zilizofunguliwa, pamoja na ile sehemu iliyo baada ya alama ya reli. Mteja akiifungua hati yake ya CryptPad pale ili aprinti, ufunguo wake unaweza kubaki kwenye historia, na anayekuja nyuma yake akaweza kuifungua hati hiyo kwa kubonyeza tu. Faili la PDF alilolipakua nalo hubaki kwenye folda. Mwenye duka hana nia mbaya, ana foleni.

Kwa mirathi, uvujaji wa namna hii huleta ugomvi na aibu. Kuna hati ambazo huleta makubwa zaidi. Taasisi zinazoshughulikia kesi za udhalilishaji wa wanawake na watoto hutengeneza majedwali ya kufuatilia kesi: umri wa mtoto, shehia, skuli, uhusiano wake na mtuhumiwa, hatua iliyofikiwa kutoka kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowapokea waathirika, hadi polisi na mahakamani. Jedwali kama hilo haliwezi kukaa kwa mtu mmoja, kwa kuwa muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii na msaidizi wa sheria wote wanalihitaji. Wengine hudhani kwamba kuondoa majina kunatosha. Kwa Sensa ya 2022 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773, na ndani ya shehia moja ya Micheweni, kusema tu kwamba ni msichana wa darasa la sita aliyedhalilishwa na mjomba wake ni sawa na kumtaja kwa jina la baba na babu. Hapa sioni hoja ya kuendelea kutumia hati ya kawaida yenye mpangilio wa kila mwenye kiungo kuifungua. Na hata CryptPad isitumiwe kwa kiungo kitupu. Inaruhusu mwenye hati kuweka neno la siri la ziada, na kuandika orodha ya wenye akaunti wanaokubaliwa kuingia, hivi kwamba kiungo kikivuja bado hakimfikishi mtu popote. Kwa Proton Docs njia ya msingi ni kumwalika mtu kwa akaunti yake mwenyewe, na kwa kazi ya kesi za watoto usumbufu huo ni afadhali.

Je, sheria haitulindi? Kwenye maandishi inatulinda. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 zote zinatambua haki ya faragha, ikiwemo ya mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na kuna Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, isipokuwa kwamba kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Afya, ardhi na mahakama za kadhi si mambo ya Muungano. Kwa maneno mengine, hati zile zile ninazozungumzia ndizo zinazosimama pembezoni mwa sheria ile, na mwanasheria mzuri anaweza kubishana siku nzima kama ziko ndani au nje. Kwa upande wa pili, Marekani ilipitisha Machi 2018 sheria iitwayo CLOUD Act, inayoziwezesha mamlaka zake kudai data zilizo mikononi mwa makampuni ya huko hata zikiwa zimehifadhiwa nchi nyingine. Hapa nyumbani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi uwezo wa kudai data kwa ajili ya upelelezi. Usimbaji haufuti sheria yoyote kati ya hizo. Unachofanya ni kubadili anayeulizwa: badala ya kampuni ya mbali kutoa maandishi bila wewe kupata habari, atakayegongewa mlango ni mwenye ufunguo, ambaye anaweza kumwita wakili wake. Kwangu mimi hiyo ni faida ya haki za raia, wala si njama dhidi ya dola, ingawa najua wapo watakaoisoma hivyo.

Sisemi kwamba kila kitu kihamishwe. Ratiba ya mashindano ya skuli, rasimu ya mwaliko wa harusi, orodha ya michango ya maulidi, hizo zibaki zilipo. Kuzisimba ni kujitafutia kazi. Zinazostahili ni hati ambazo kuvuja kwake kunamuumiza mtu asiyekuwemo kwenye mazungumzo: kesi za watoto, rekodi za wagonjwa, maelezo ya mashahidi, mashauriano ya wakili na mteja, na mirathi inapofikia tarakimu. Kwa hizo, kiungo kipelekwe kwa mtu mmoja mmoja, ambaye jina lake liko kwenye orodha ya kuingia. Wasomaji wapewe kiungo cha kusoma tu. Akaunti inayomiliki hati iwe na wamiliki wasiopungua wawili. Na nakala ya kuprinti itolewe kwenye kompyuta ya ofisi, siyo ya duka. Mahakama bado inataka karatasi iliyosainiwa, kwa hiyo hatua ya mwisho ya kila hati nyeti itakuwa printa, na hapo hakuna usimbaji utakaosaidia.

Linabaki suala la seva. Kutegemea kampuni ya nje, hata iwe na nia njema, kuna hatari yake. Skiff, huduma ya Marekani iliyokuwa ikisifiwa kwa hati na barua pepe zilizosimbwa, ilinunuliwa na Notion Februari 2024, na ikafungwa mwaka huo huo, watumiaji wakiwa wamepewa miezi sita kuhamisha mali zao. Halafu kuna bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Siku kama hiyo hati iliyo kwenye seva ya Ulaya ni kama haipo. Kwa kuwa CryptPad ni programu huria, taasisi yoyote yenye fundi mmoja makini inaweza kuiendesha kwenye seva yake. Mamlaka ya Serikali Mtandao ingeweza, lakini wakili anayeishitaki serikali hatapenda msimbo wa kufungulia hati zake uletwe na seva ya serikali, na kwa niliyoyaeleza juu ya msimbo uliogeuzwa, shaka yake ni ya haki. Ningependelea Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiiendeshe, kwa makubaliano ya maandishi na Zanzibar Law Society, chama cha wanasheria, na mtu wa nje akiukagua msimbo kwa vipindi. Mwenye seva hataweza kusoma hati, kwa hiyo gharama ya kumwamini inapungua, japo haiishi. Nakala ya akiba iwekwe Pemba. Unguja ilikaa bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa sababu ya waya wake unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba, na Pemba tangu mwaka 2010 inapata umeme kwa waya mwingine kabisa, kutoka Tanga. Visiwa viwili vyenye nyaya mbili tofauti ni jambo ambalo wahandisi wa mahali pengine hulilipia fedha nyingi, nasi tunalo tayari bila kulitumia kwa kazi hii.